Muulize Bibi wa Maktaba: Nani Alimuua Bwana Ali?

Mwezi uliopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba kitabu kilichonifanya niwe mtu wa maktaba ni hadithi ya upelelezi. Sentensi hizo mbili zimeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za mwaka huu. Basi safu nzima nimewaachia wapelelezi. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi wake nimeyaondoa.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimenunua Mzimu wa Watu wa Kale kwa muuza vitabu vya mitumba hapa mjini. Nimekisoma siku mbili, usingizi haukuja. Nilipokaribia mwisho nikakuta kurasa zimechanwa. Tafadhali niambie, nani alimuua Bwana Ali?
Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikatoka kukaa barazani kwanza, maana umenirudisha mwaka 1965.

Nilikuwa na miaka 12. Tulikaa Tanga, Ngamiani, na baba alikuwa karani wa stesheni ya reli. Abiria mmoja alisahau kitabu kwenye benchi. Kilikaa ofisini miezi mitatu bila mwenyewe kukirudia, baba akakileta nyumbani. Jalada la mbele halikuwepo, na huku mwishoni karatasi zilikuwa zimeng'olewa, naamini na mtu aliyekuwa akifungia karanga. Baba hakukagua. Alianza kutusomea kila usiku baada ya chakula, kwa taa ya chemni. Mama anasuka ukili, sisi watoto tumejilaza mkekani, na majirani wawili wakawa wanakuja na vigoda vyao. Usiku wa mwisho baba alifunua ukurasa akakuta hakuna kitu. Akaurudisha, akaufunua tena polepole, kama mtu anayetafuta noti iliyonatana na nyingine.

Ugomvi ulioanza usiku ule haukuisha. Kila mtu alikuwa na mwuaji wake. Mimi nilikuwa na wangu, na kwa miaka miwili nilimhukumu bila huruma. Mwaka 1967, nikiwa shule ya bweni, nilikiona kitabu kile kile kizima kwenye sanduku la mwalimu wetu. Nilisoma kurasa za mwisho nimesimama, mlango wazi. Nilikuwa nimekosea kabisa. Baba alikuwa amekosea, na majirani vilevile. Aliyepatia alikuwa mama peke yake, naye hakujua kusoma hata jina lake. Nilipokwenda likizo nilimwuliza alijuaje. Akasema, "Nyinyi mlikuwa mnamsikiliza Bwana Msa, yule mpelelezi. Mimi nilikuwa nawasikiliza hao wengine."

Nikaanza kitabu upya, na ndipo nilipoelewa kwamba mwandishi hakunificha hata kitu kimoja. Kila neno nililolihitaji lilikuwa limeshasemwa mbele yangu, ila macho yangu yalikuwa kwingine. Furaha ile, ya kukosea kwa haki, sijaipata mahali pengine popote, na ndiyo iliyonipeleka kukaa nyuma ya meza ya maktaba miaka 31.

Kwa hiyo sikuambii, mwanangu. Aliyechana kurasa amekuibia mara moja, nami nikikutajia jina nitakuwa nimekuibia mara ya pili. Fanya hivi: rudi mwanzo na kalamu. Andika kila mtu aliyetajwa, mtoto wa nani, kalelewa na nani, anamrithi nani, anamdai nani. Maiti imekutwa mzimuni na watu wako tayari kabisa kuamini ni kazi ya mzimu. Bwana Msa yeye anauliza habari za walio hai. Ukishapata jina, niandikie. Kurasa zako nitazitafuta, nimeshaanza kuuliza.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mwenzangu hapa shuleni anasema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyeletwa Unguja, na kwamba hadithi za upelelezi ni fasihi pendwa ya kupitishia muda, haifai kufundishwa. Nimjibu nini?
Mwalimu, Songea

Mwalimu, mwambie kwanza kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Bwana Msa anavuta kiko kama Holmes. Ana rafiki, Najum, anayemfuata na kustaajabu kama Dokta Watson. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, hakujaribu kuficha kwamba amewasoma Waingereza. Hata jina la mpelelezi wake, Msa, ni herufi za kwanza za majina yake mwenyewe.

Lakini Holmes naye alizaliwa kwa nani? Arthur Conan Doyle alimtoa mwaka 1887. Miaka 46 kabla, mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa ameshaandika kisa cha mauaji katika chumba kilichofungwa mjini Paris, na ndani yake mna mpelelezi mwerevu, Dupin, na rafiki yake asiyetajwa jina ambaye ndiye anayetusimulia. Kama kuazima ni kosa, basi kesi ianzie huko.

Tena Holmes hakutoka vitabuni tu. Doyle alikuwa daktari, na chuoni Edinburgh alifundishwa na daktari mpasuaji, Joseph Bell, aliyekuwa na kipaji cha kumsoma mgonjwa kabla hajafungua mdomo. Siku moja aliingia mgonjwa, Bell akamwambia: ulikuwa jeshini, umeacha karibuni, na ulikuwa Barbados. Mgonjwa akakubali yote. Bell akawaeleza wanafunzi. Mtu huyu ana adabu, lakini hakuvua kofia, na jeshini hawavui. Angekuwa ameacha siku nyingi angeshazoea desturi za raia. Na ugonjwa uliomleta ni matende, ambao si wa Uingereza bali wa visiwa vile vya Karibi. Sisi wa pwani tunaoyajua matende kwa macho yetu tunaweza kuipima hoja ile na kuona ilivyokaa sawa.

Sasa mtazame Abdulla. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa idara ya afya kuwa mkaguzi, akafanya kazi hiyo miaka kumi kabla ya kuhamia kwenye uandishi wa magazeti. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima. Mimi sioni kama ni bahati tu kwamba Doyle alikuwa daktari, Agatha Christie alichanganya dawa hospitalini, na Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya. Wote watatu walilipwa mshahara kwa kazi ya kutazama. Na mkaguzi wa afya anaingia uani kwa watu, anaona kisima, anaona jiko, anaona nani anakaa chumba cha nyuma ambaye hakutajwa mlangoni.

Humo ndimo Abdulla anapoachana na Holmes. Holmes anaishi London, mji wa mamilioni ya watu wasiojuana, kwa hiyo anasoma tope la viatu na majivu ya sigara. Bwana Msa anaishi kisiwani, ambako kila mtu anamjua mwenzake au anadhani anamjua. Fumbo lake haliko kwenye tope, liko kwenye nasaba. Nani kazaliwa na nani, nani kalelewa wapi, nani alioa kwa siri, nani amebadili jina, urithi uende kwa nani. Hata majina ya vitabu vyenyewe yanakuonyesha: Duniani Kuna Watu wa 1973, Mke Mmoja Waume Watatu wa 1975, Mwana wa Yungi Hulewa wa mwaka uliofuata. Fumbo la namna hii halikuja na meli. Limetoka barazani kwetu, kwenye yale mazungumzo ya "yule si ndugu yake baba mmoja".

Na kuhusu kufundisha: Mzimu wa Watu wa Kale iliingia shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957 na 1958 ikawa ya kwanza, kisha ikachapwa 1960. Itazame lugha yake, namna watu wa Unguja wanavyojibizana pale, jinsi mtu anavyokwepa swali kwa adabu. Mwanafunzi atakayejifunza kusikia pale mtu anapokwepa swali amejifunza kusoma fasihi yoyote.

Nikuongezee niliyoyaona mwenyewe. Kadi ya kuazimia ya Kisima cha Giningi, kingine cha Abdulla, ilijaa mihuri ya tarehe mbele na nyuma, tukabandika ya pili, ikajaa, tukabandika ya tatu. Kulikuwa na mvuvi mmoja aliyekuja kila Jumatano baada ya mnada. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni kwenye bomba la nje, anaifuta kwa kikoi, ananionyesha viganja pande zote mbili, ndipo anapokea kitabu. Aliishia darasa la nne. Alinieleza Siri ya Sifuri kwa mpangilio ambao wanafunzi wengi wa sekondari hawakuuweza. Mwenzako akisema "pendwa", mpe hadithi ya mvuvi yule.

SWALI: Bibi, nina miaka 19 na ninaandika riwaya ya upelelezi. Tatizo ni kwamba rafiki zangu wanamjua mwuaji kabla ya sura ya tatu. Nimekutumia sura ya kwanza. Nimfiche vipi?
Mwandishi chipukizi, Mwanza

Nimeisoma sura yako mara mbili, na nikuambie ukweli: unaweza kuandika. Yule bibi anayeuza dagaa mwaloni nimemwona na nimesikia sauti yake. Kosa lako ni dogo nalo linarekebishika. Kila dalili umeipa aya yake. Kisu kina aya peke yake, kimewekwa katikati ya ukurasa kama bwana harusi. Msomaji akikiona kimetengwa hivyo anajua kina kazi.

Dalili haifichwi kwa kuondolewa, inafichwa kwa kuwekwa kati ya vitu vingine. Nikupe mfano, uutumie ukipenda. Mtu amekutwa amekufa Jumatatu, na kila mmoja anasema alifariki Ijumaa, nyumba ikabaki imefungwa. Mpelelezi anaingia chumbani. Andika: kulikuwa na kitanda cha kamba, kandili, mtungi wa maji uliojaa hadi shingoni, viatu vya mpira na koti ukutani. Hapo hapo, kwenye sentensi inayofuata, mjane apige ukelele mlangoni. Msomaji atamkimbilia mjane. Lakini mtungi wa udongo hutoa jasho, na siku tatu za joto hupunguza maji hata kama hakuna aliyekunywa. Mtungi ukiwa umejaa, kuna mtu aliujaza baada ya Ijumaa. Umesema kweli, umesema wazi, na hakuna atakayekulaumu.

Mwaka 1929 padri wa Kikatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi hizi, alitunga amri kumi za upelelezi. Mwuaji awe ametajwa mapema. Mizimu na majini wasitumike kufumbua fumbo. Mlango wa siri usizidi mmoja. Mpelelezi asigundue kitu bila kumwonyesha msomaji papo hapo. Na sumu isiwe ile isiyojulikana na binadamu yeyote. Amri hii ya mwisho, mwanangu, wewe umeivunja ukurasa wa tisa.

Kwenye sumu nisikilize vizuri. Agatha Christie alijifunza kuchanganya dawa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika hospitali ya mji wake wa Torquay. Riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles ya 1920, ina mauaji ya striknini yaliyoelezwa kwa usahihi hadi jarida la wafamasia likaisifu. Mwaka 1961 akatoa The Pale Horse, na humo sumu ni thaliamu. Alifariki Januari 1976. Mwaka uliofuata, mtoto wa kike wa miezi 19 aliletwa London kutoka Qatar akiwa mahututi, madaktari hawajui anaumwa nini. Muuguzi mmoja wa pale alikuwa anasoma kitabu hicho. Akaona nywele za mtoto zinanyonyoka kama zilivyonyonyoka za watu wa kwenye hadithi, akasema huyu ana thaliamu. Wakapima, wakaikuta. Ilitoka kwenye dawa ya kuulia mende na panya iliyokuwa ikitumika nyumbani kwao. Mtoto akapata nafuu. Kila nikifikiria kazi ya mwandishi namfikiria mtoto yule. Nenda kamwulize mfamasia, andika sumu ya kweli na dalili zake za kweli.

Ukishamaliza hapo, tafuta The Murder of Roger Ackroyd, ya Christie pia, ya 1926. Usimruhusu mtu yeyote akueleze chochote juu yake. Ilipotoka kuna wasomaji walioudhika wakasema wamedanganywa. Isome mara moja kwa raha, mara ya pili na kalamu, uone kama kuna sentensi hata moja ya uongo.

SWALI: Ni kweli Agatha Christie aliwahi kupotea mwenyewe?
Msomaji, Bukoba

Ni kweli. Desemba 1926, mwaka ule ule wa Ackroyd. Mama yake alikuwa amefariki, na mumewe alikuwa amemwambia anataka talaka kwa ajili ya mwanamke mwingine. Gari lake lilikutwa limetelekezwa, na polisi na raia wakamtafuta kwa siku 11. Akapatikana katika hoteli ya mji wa Harrogate, amejiandikisha kwa jina la ukoo la mwanamke yule yule. Katika kitabu cha maisha yake mwenyewe hakulitaja jambo hili. Nami naliachia hapo alipoliachia yeye.

SWALI: Bibi, kijana wangu wa miaka 14 amezama kwenye vitabu vya Willy Gamba na Joram Kiango alivyoachiwa na mjomba wake. Nimevichungulia, nimekuta bastola, pombe na wanawake. Nimnyang'anye?
Mama, Mombasa

Mama mwenzangu, usimnyang'anye. Ila usimwache peke yake navyo.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Vile si vitabu vya upelelezi kama vya Bwana Msa, ni vya ujasusi. Kwa Bwana Msa unajiuliza nani kafanya. Kwa Willy Gamba adui unamjua mapema, unachojiuliza ni kama shujaa atatoka hai. Elvis Musiba, mtunzi wa Willy Gamba, alianza na Kufa na Kupona mwaka 1974, akafuata na Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu na vingine. Watu husema aliiga James Bond. Gari za kasi na mavazi aliiga, sikatai. Lakini hofu iliyomo hakuiazima kwa mtu.

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa hapo hapo Dar es Salaam mwaka 1962. Februari 3, 1969, kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Nilikuwa na miaka 16. Baba alisikiliza habari ile redioni, akanyamaza, kisha akatwambia tusifungue kifurushi chochote kitakachokuja kwa posta. Sisi watoto wa karani wa reli, nani angetutumia bomu? Lakini ndivyo woga ulivyokuwa. Musiba alipowaandika majasusi wa makaburu wakipenya katika miji yetu, wasomaji wake walikuwa wanakumbuka kitu walichokisikia kwa masikio yao. Mwambie kijana wako hadithi hii ya Mondlane, ataona vitabu vile vina mizizi.

Ben Mtobwa, aliyezaliwa 1958 akafariki 2008, alikuja baada ya Musiba na kwa maoni yangu ndiye mwenye Kiswahili kitamu zaidi kati ya hao wawili. Soma mwenyewe kurasa kumi za mwanzo za Salamu Toka Kuzimu uone sentensi zake zinavyokwenda. Joram Kiango wake hutegemea akili kabla ya ngumi.

Na sasa linalokusumbua. Unasema kweli kuhusu wanawake. Katika vitabu vile wanawake wengi ni wa kupambwa, kutamaniwa na kisha kuuawa ili shujaa apate hasira. Hilo liliniudhi nikiwa kijana na linaniudhi leo. Basi kisome kimoja, kisha kaa na mwanao jikoni umwulize: huyu dada aliyekufa sura ya tano alikuwa na mama? Nani alimzika? Mwache ajibu. Mimi nilifanya hivyo na wanangu wawili wa kiume, na mmoja wao hakunijibu siku ile, alinijibu baada ya wiki. Pamoja na hivyo, mwekee mezani na kimoja cha Bwana Msa, usimwambie kitu.

SWALI: Nina mjukuu hapa Muscat, anasoma Kiingereza tu, Kiswahili anakisikia lakini kukisoma hataki. Anapenda upelelezi. Nimpe nini?
Bibi mwenzio, Oman

Salamu nyingi, bibi mwenzangu. Kwa Kiingereza mpe mfululizo wa Alexander McCall Smith ulioanza 1998 na The No. 1 Ladies' Detective Agency. Mwandishi alizaliwa Bulawayo na aliwahi kufundisha sheria Botswana, na mpelelezi wake, Precious Ramotswe, anafungua ofisi Gaborone kwa fedha za ng'ombe wa urithi wa babake. Damu ni chache, chai ni nyingi.

Lakini kama anakisikia Kiswahili, kazi imeshakwisha nusu. Wewe msomee. Mwana wa Yungi Hulewa, sura moja kila usiku, na ukatishe pale panaponoga. Useme macho yamechoka. Usiku wa nne atakichukua kitabu mwenyewe.

SWALI: Marehemu baba ameacha sanduku la bati lenye vitabu vya hadithi 23. Kuna Simu ya Kifo, Kikosi cha Kisasi, Dar es Salaam Usiku, Mzimu wa Watu wa Kale na vingine. Ndugu zangu wanataka tuviuze kwa kilo kwa muuza karanga. Mimi roho inakataa. Nivitunze vipi?
Msomaji, Dodoma

Pole kwa msiba, mwanangu. Na ahsante kwa roho yako kukataa.

Vitoe kwenye bati leo. Bati hutoka jasho usiku wa baridi, na Dodoma baridi yenu ya Juni naijua. Vianike kivulini, visimame, kurasa zimeachana, siku moja nzima. Jua kali usivipe, litakausha gundi ya mgongo na kurasa zitaanza kumwagika. Chukua brashi laini, ile ya rangi lakini mpya, fagia kuanzia mgongoni kwenda nje. Kagua mashimo madogo ya wadudu. Kitabu chenye mashimo kitenge na wenzake mpaka uhakikishe. Kisha viweke kwenye rafu ya mbao isiyogusa ukuta, miguu yake juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Majani ya mwarobaini yaliyokauka vizuri, kwenye kitambaa, yakae pembeni na sio ndani ya kurasa.

Palipochanika usibandike selotepu. Naomba sana. Ninazo picha kichwani za vitabu vilivyoharibiwa na selotepu kuliko vilivyoharibiwa na mvua. Inageuka njano, inakakamaa, na ikibanduka inaondoka na maneno. Tumia gundi ya wanga, kidogo sana maana mende huipenda, na kipande cha karatasi nyembamba.

Halafu kaa na daftari uandike kila kitabu: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka ulioandikwa ndani. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka kwa mara ya kwanza 1965. Kama nakala ya baba yako ni ya mwaka huo, una kitu ambacho maktaba nyingi hazina. Ndugu zako waonyeshe orodha hiyo. Na angalia ndani ya majalada kama baba aliandika jina lake, au tarehe, au bei. Wazee wetu walikuwa na desturi hiyo. Karanga za kilo moja hazitarudisha mwandiko wake.

Sasa nina ombi kwako. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale, fungua mwisho kabisa. Kama kurasa za mwisho zipo zote, piga fotokopi ya kumi za mwisho, tia kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, juu yake uandike neno moja: Morogoro. Itume kwa anwani ya jarida, nauli ya posta nitarudisha. Sitaifungua. Nitaiweka kwenye droo ya meza yangu, chini ya miwani, mpaka barua ya yule mwenzako yenye jina la mwuaji itakapofika.